MBWA KALI AU MBWA MKALI?

Pita siku moja kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi hapa kwetu Mariakani ukiyatazama mageti. Kuna mageti ya yadi za malori, mageti ya maghala, mageti ya karakana, na mageti ya nyumba za wenye nazo. Mengi yamepigiliwa kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Vingine vimechorwa na kichwa cha mbwa ambacho, kusema kweli, kinafanana zaidi na kiboko.

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hatuwezi kupita hapo tukanyamaza. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, basi yumo katika ngeli ya A-WA. Husemwa mbwa mkali, mbwa wakali. Kusema "mbwa kali" ni kumtoa katika ngeli yake na kumtia katika ngeli ya vitu, pamoja na sindano kali, pombe kali na dawa kali. Mwalimu wetu hucheka akasema kwamba Kenya nzima imeanguka zoezi hili, manake kibao kiko Nairobi, kiko Kisumu, kiko hata Nyali kwa matajiri. Lakini mimi nimekaa nikafikiri, nikaona kosa lile halikuja bure. Aliyekiandika kibao aliandika anavyoamini. Kwake yeye mbwa ni kitu. Ni kufuli, ila kufuli hili linakula. Na hapo ndipo ugomvi wangu naye unapoanzia.

Nasema hivi kwa sababu mwaka huu mtaani kwetu kulitokea jambo. Mtoto wa jirani, yuko gredi ya nne, alitumwa sukari dukani saa za magharibi. Njia yake inapita mbele ya yadi fulani ya malori, ambayo jina lake naliweka kapuni. Geti lilikuwa limefunguliwa lori liingie, na mbwa alikuwa amekwisha kufunguliwa mnyororo kabla ya saa yake. Jibwa jeusi likachomoka mle ndani kama mshale, likamng'ata mtoto paja. Soja wa geti alisimama na rungu lake mkononi asijue afanye nini, kwa kuwa yeye mwenyewe anamwogopa mbwa huyo. Siku zote humrushia ugali kwa mbali kama anayemlisha mamba. Ni dereva wa lori aliyeshuka na spana akaokoa roho ya mtoto.

Mtoto yu hai, tunashukuru. Mamake alikuwa na akili ya kumwosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kabla ya kumkimbiza hospitalini, na sindano zote alimaliza. Lakini mpaka leo akiona mbwa, hata awe koko wa mifupa mitupu anayetafuta maganda ya samaki, hujificha nyuma ya kanga ya mamake.

Baada ya hapo maneno yakawa mengi kama mchanga wa pwani. Kwenye kikao cha mtaa wengine walitaka majibwa yote ya aina hiyo yatiliwe sumu, yaishe. Mzee mmoja akasema hao si mbwa hata kidogo, ni wanyama wa mwitu waliofugwa kwa nguvu, damu yao ndivyo ilivyo. Naye mwenye yadi alipoulizwa akajibu, "Kibao kiko getini. Asiyejua kusoma amlaumu mwalimu wake." Mimi sikubaliani na wale wa sumu. Sikubaliani na mzee, kwa heshima zake zote. Na huyu wa kibao ndiyo kabisa!

Basi kwanza tumjue huyu mbwa tunayemsema. Watu humwita rotwaila, na wengi hudhani neno hilo maana yake ni mkali. La hasha! Ni jina la mji. Kusini-magharibi mwa Ujerumani kuna mji uitwao Rottweil, mji mkongwe ambao Warumi waliuanzisha karibu miaka elfu mbili iliyopita. Huko mbwa hawa walikuwa mbwa wa wachinjaji na wachuuzi wa ng'ombe. Kazi yao ilikuwa kuswaga ng'ombe kwenda sokoni na kukokota vigari vya nyama. Inasimuliwa kwamba mchinjaji akishauza ng'ombe wake alimfunga mbwa kifuko cha pesa shingoni, wakarudi nyumbani salama, manake ni mwizi gani angetia mkono pale?

Halafu katika karne ya 19 reli ikaenea. Ng'ombe wakapandishwa mabehewa, na mbwa akakosa kazi, nusura atoweke duniani. Sisi watu wa Mariakani hatuhitaji kuelezwa habari hiyo mara mbili. Tangu reli mpya ianze kubeba makontena kutoka bandarini, madereva na mataniboi wa hapa wanajua jinsi treni inavyoweza kumnyang'anya mtu riziki. Rotwaila alipata bahati ya pili. Mwanzoni mwa karne ya 20 polisi wa Ujerumani walimjaribu, na mwaka 1910 akatambuliwa kuwa mmoja wa mbwa wa kazi ya polisi. Kutoka hapo ndipo akaenea ulimwenguni mpaka akafika getini petu.

Umbo lake nani asiyelijua? Dume husimama sentimita 61 hadi 68 kutoka chini mpaka begani, na uzito wake ni kilo 50 hivi. Jike hupungua kidogo, kilo 42 hivi. Kilo 50 ni mfuko mmoja wa saruji. Sasa jaribu kuufikiria mfuko wa saruji wenye meno ukikujia mbio. Kichwa ni kipana, kifua kimejaa, shingo nene kama ya fahali. Rangi yake nyeusi inang'aa, na mahali maalumu pana kahawia ya kukoza: mashavuni, kifuani, miguuni, na madoa mawili juu ya macho. Ni kwa sababu ya madoa hayo watoto wa kwetu husema rotwaila ana macho manne, mawili ya kulalia na mawili ya kulindia. Zamani mkia wake ulikatwa angali mdogo ndiyo maana wengi hudhani amezaliwa bila mkia. Anao. Ujerumani kwenyewe walipiga marufuku ukataji huo mwaka 1998.

Kuhusu tabia, hapa ndipo mzee wetu alipopotea. Waliouweka kwenye maandishi mfano wa mbwa huyu wanasema anatakiwa awe mtulivu, mpenda watoto, mtiifu na mwenye hamu ya kazi. Naam, mpenda watoto! Mimi niliposoma hayo nilirudia mstari mara tatu nikidhani nimekosea. Ni kweli pia kwamba hamwamini mgeni haraka, na kwamba haogopi kitu kikimjia. Hizo ni sifa za mlinzi yeyote mwema. Hata soja wa benki hacheki na kila mtu.

Sitaki nionekane kama ninasema mbwa wote ni sawa. Koko akilelewa vibaya atakupasua suruali. Rotwaila akilelewa vibaya atakuvunja mfupa. Nguvu alizopewa ni nyingi, basi anayemchukua amejitwika mzigo mzito kuliko mwenye koko. Lakini nguvu siyo ukali. Fahali wa Mduruma ana nguvu kushinda rotwaila kumi, na bado utamwona mtoto wa miaka minane anamwongoza kwenda maji kwa kifimbo tu, kwa kuwa fahali yule amezaliwa mikononi mwa watu.

Hebu tutazame sasa anavyolelewa hapa kwetu. Mtu hununua kitoto cha rotwaila kwa bei inayopita ya mbuzi kadhaa. Siku hiyohiyo hukifungia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Hakuna ruhusa mtu yeyote kukishika, ati kisije kikazoea watu. Wapo wanaokitilia pilipili kwenye chakula wakiamini inapandisha ukali. Wapo wanaokichokoza kwa fimbo kila jioni. Wajuzi wa wanyama wanatuambia kwamba kitoto cha mbwa hujifunza ulimwengu tangu juma la tatu mpaka juma la kumi na nne hivi la maisha yake. Anachokutana nacho kwa wema katika siku hizo, iwe ni watoto, pikipiki, kuku au wanawake wenye ndoo kichwani, hukihesabu kuwa kitu cha kawaida. Asichokiona wakati huo hukiogopa baadaye. Na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata ovyo.

Akishakuwa mkubwa, anafungwa mnyororo wa mita mbili toka asubuhi mpaka usiku. Na jua la Mariakani mnalijua. Koti la rotwaila lina manyoya ya matabaka mawili, lilishonewa baridi ya Ulaya. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, hujipoza kwa kuhema na kutoa ulimi. Mtu anamwona anahema, mate yanamtiririka, anasema, "Mtazame alivyo mkali!" Kumbe maskini ana kiu. Usiku ukiingia anafunguliwa, hana mafunzo, hajui nani mgeni wala nani mwenyeji, ana hasira za mchana mzima. Huyo si mlinzi. Huyo ni mtego uliotegwa kando ya njia ya watu.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa watumwa wa wakubwa na makarani wa ofisini, lakini hebu tuisome kama ilivyo. Waliotangulia waliona kwamba mbwa huchukua tabia ya mwenyewe.

Ninao mfano wa upande wa pili, tena si wa mbali. Huko njia ya kwenda Kaloleni kuna mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akifanya kazi ya reli. Anaye rotwaila dume, jina lake Simba. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaotoka upande huo hupita pale saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado. Simba huja mpaka kwenye ua wa michongoma, husimama akatutazama, hunusa, kisha hurudi kulala mlangoni. Hajawahi kututisha. Lakini usiku mmoja vijana wawili waliingia kutafuta mbuzi wa mzee. Simba hakung'ata mtu. Aliwabana kwenye pembe ya zizi akinguruma mpaka mzee alipotoka na tochi, na vijana wenyewe ndio waliokuwa wakiomba waitwe majirani!

Nilimwuliza, "Babu, ulimfunza vipi?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, sikumfunza mambo makubwa. Alipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda naye sokoni. Kila mtu alimshika. Ameshaona watu wote wa Mariakani, sasa ataogopa nani?"

Kisha akanionyesha kwamba Simba hali kabla ya kuambiwa, hatoki getini kabla ya kuambiwa, na hapigwi. Maji yake yako kwenye sufuria kuukuu chini ya mwembe, yanabadilishwa mara mbili kwa siku. Mzee hana hata kibao.

Mtu ataniambia hiyo ni bahati ya mzee mmoja. Basi twende bandarini Mombasa. Huko kuna mbwa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya wanaonusa makontena wakitafuta pembe za ndovu zinazotoroshwa. Wao ni wa aina nyingine, si rotwaila, ila mafunzo yao yana la kutufunza. Mbwa wa kazi hiyo hufunzwa pamoja na askari wake mpaka wajuane, na akipata kitu hupewa mpira acheze. Hapigwi. Halishwi pilipili. Mbwa anayeogopewa na watoroshaji wa pembe anafanya kazi kwa ajili ya mpira! Nikimlinganisha soja wetu anayemrushia mbwa ugali kwa mbali, naona kwamba yadi ile ina walinzi wawili wasiosemezana, kila mmoja akimhofia mwenzake. Mwizi mwenye akili atawapita wote wawili.

Sasa nije kwa wale wa sumu. Sumu haichagui. Nyama iliyotiwa sumu ikitupwa njiani itaokotwa na koko, na paka, na kuku, hata na mtoto mdogo anayetambaa. Tena rotwaila yuko ndani ya ukuta, hiyo nyama ya njiani hataiona. Mwenye yadi atanunua mwingine kesho kutwa, amfunge mnyororo uleule, na tutarudi kwenye kikao kilekile.

Wenzangu Waislamu nao nimezungumza nao, kwa kuwa kuna wanaodhani dini inataka mbwa achukiwe. Wamenieleza kwamba mate ya mbwa ni najisi na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo, lakini kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba kumeruhusiwa. Wakaniambia pia kwamba katika Sura ya Al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Kwa hiyo mtu asitafute sababu dini­ni ya kumtesa mnyama.

Jambo ambalo kwenye kikao halikuulizwa hata mara moja, na mimi kwa umri wangu sikupewa nafasi ya kuliuliza, ni hili: je, mbwa yule alikuwa amechanjwa? Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Kenya ilizindua mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka 2030, na shabaha ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Mwenye pesa ya kununua rotwaila hana kisingizio. Sindano moja ya mbwa kwa mwaka ni rahisi sana kuliko zile alizopigwa mtoto wa jirani, ambazo mamake alilazimika kukopa nauli ya kuzifuata kila mara. Na wewe msomaji, ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatiza, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Mambo ya kupaka vitunguu na manyoya ya mbwa mwenyewe yaacheni.

Mwenye yadi naye asijidanganye na kibao chake. Katika sheria ya kawaida tuliyorithi kwa Waingereza, anayemfuga mnyama huku akijua kwamba ni mkali ndiye anayejibu madhara yake. Kibao hakimwondolei lawama. Kinaweza hata kuwa ushahidi kwamba alijua! Tena kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayokataza kumpiga mnyama kikatili na kumnyima chakula. Watu wakubwa wa mtaa wangeisoma hiyo kabla ya kuzungumzia sumu.

Ninachotaka si kikubwa. Mbwa asifunguliwe kabla geti halijafungwa. Yadi iwe na geti la pili kwa ndani, ili lori likiingia mbwa asione barabara. Soja na mbwa wajuane, soja ndiye amlishe kwa mkono wake. Awe na kivuli na maji. Achanjwe, na cheti kiwepo. Asiyeweza hayo anunue taa kubwa na kufuli, zipo madukani, wala hazihitaji ugali.

Chama chetu nacho kimekubaliana kitu. Mwenye geti yeyote wa Mariakani atakayetuonyesha cheti cha chanjo ya mbwa wake, tutakwenda Jumamosi kumwandikia kibao kipya bila malipo, kwa Kiswahili sanifu, MBWA MKALI, na mchoraji wetu anajua kuchora mbwa anayefanana na mbwa. Rangi na brashi alete mwenyewe. Kwa yule mzee wa njia ya Kaloleni tuliuliza kama anataka kibao, akasema labda tuandike tu "Hodi", manake Simba huwa anaamka polepole.